Haki ya Kuamini Chombo

Ajali haina kinga. Maneno haya huandikwa nyuma ya malori, husemwa misibani, na kwa watu wa bahari hutamkwa wakati mwingine hata kabla maiti hazijaopolewa. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander ikazama karibu na Nungwi, Unguja, Septemba 2011. Zote mbili zilikuwa zimepakia watu kupita uwezo wake, na bado wapo waliofarijiana kwa maneno hayo hayo. Sina ugomvi na anayemfariji mfiwa. Ugomvi wangu ni na mwenye chombo anayeyachukua maneno ya msibani akayafanya kanuni ya kuendeshea chombo. Maana chini ya msemo huo kuna swali ambalo dini na falsafa hazijaweza kulikwepa: mtu aliyeamini kwa moyo mweupe kwamba chombo chake ni kizima, kisha kikaua watu, ana lawama au hana? Sitalijibu kwa meli kubwa, kwa kuwa kwenye meli kubwa lawama hugawanywa mpaka ikakosa mwenyewe. Yuko mwenye kampuni, yuko mkaguzi, yuko nahodha, yuko mkata tiketi. Nitalijibu kwa boti ya tanga yenye injini ndogo ya dizeli, na ndani ya injini hiyo kwa kifaa kimoja tu, kipozeo cha maji. Hapo mnunuzi, fundi, nahodha na mwenye mali mara nyingi ni mtu mmoja, na uamuzi wake wa siku ya kununua kifaa hicho unaonyesha wazi anaelewaje maana ya kuamini.

Kwanza kifaa chenyewe. Katika injini ya dizeli, takribani theluthi moja ya nguvu ya mafuta huzungusha rafadha, theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huingia kwenye maji yanayozunguka mwilini mwa injini. Maji hayo yasipopozwa, injini huchemsha. Gari huyapoza kwa rejeta na upepo. Boti, ambayo injini yake imefungiwa chini ya sitaha, ina bahari. Injini nyingi za zamani za boti ziliyaingiza maji ya bahari moja kwa moja mwilini mwake, nazo zililazimika kukaa na joto la chini, kwa sababu maji ya chumvi yakifika nyuzi 60 hivi huanza kugandisha magamba ndani ya njia za maji na kuziziba. Kipozeo kiliondoa tatizo hilo. Maji matamu yaliyotiwa dawa yanazunguka ndani ya injini, maji ya bahari yanavutwa na pampu na kupita upande wa pili, na kati yao uko ukuta wa metali wenye unene wa kama milimita moja. Joto linavuka ukuta, maji hayavuki. Maji ya bahari yakishabeba joto hutiwa kwenye bomba la moshi na kutupwa nje ya chombo. Usalama wote wa injini umesimama juu ya ukuta huo ambao hakuna anayeuona.

Mwaka 1877 William Kingdon Clifford, mwanahisabati wa University College London, alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini, na mfano wake wa kwanza ulikuwa mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, haikuundwa vizuri tangu mwanzo, imetengenezwa mara nyingi, na sasa inataka kuondoka na familia za wahamiaji. Shaka inamwingia: pengine ingefaa ifunguliwe na kukarabatiwa, japo ni gharama. Anajituliza. Imekwenda safari ngapi na ikarudi! Na Mungu hawezi kuziacha familia hizi zinazokwenda kutafuta maisha. Shaka inamtoka, anaiaga meli kwa moyo mkunjufu, meli inazama katikati ya bahari, naye anapokea bima na kunyamaza. Clifford hasemi kwamba mtu huyu alidanganya. Alikuwa anaamini kweli. Kosa lake ni kwamba hakuwa na haki ya kuamini alichoamini, kwa kuwa imani hiyo hakuipata kwa kuchunguza, aliipata kwa kuizima shaka. Kisha Clifford anaigeuza hadithi: tuseme meli ilifika salama, safari hiyo na nyingine nyingi. Hukumu haibadiliki. Kilichokuwa kosa siku ya kuondoka hakigeuki kuwa haki kwa sababu upepo ulikuwa mzuri. Maneno haya yalitoka kwa mtu aliyekuwa amenusurika mwenyewe katika ajali ya meli pwani ya Sicilia mwaka 1870, na yalitoka katika nchi ambamo mbunge Samuel Plimsoll alikuwa akiwapigania mabaharia waliopelekwa baharini katika meli mbovu zilizokatiwa bima. Sheria ya mwaka 1876 iliwalazimisha wenye meli wachore ubavuni alama ya mwisho wa kupakia. Ila mpaka 1890 mwenye meli aliachiwa aichore pale alipopenda mwenyewe. Alama ilikuwapo, ushahidi haukuwapo.

Kipozeo kinaturudishia mwenye meli wa Clifford katika umbo dogo. Mwulize mwenye boti kipozeo chake kikoje, atakuonyesha geji: sindano imetulia katikati, injini haichemshi, kwa hiyo kipozeo ni kizima. Tuitazame hoja hiyo kwa karibu. Ukuta wa kipozeo ukipata kitundu kidogo cha kutu, hakuna kinachodondoka. Injini ikiwa moto, upande wa maji matamu umebanwa na kifuniko chenye springi, kwa hiyo una msukumo mkubwa kuliko upande wa maji ya bahari. Maji yenye dawa yanapenya tunduni, yanachanganyika na maji ya bahari, yanatoka na moshi. Ngama ni kavu, chini ya injini ni kukavu. Injini ikizimwa na kupoa, msukumo unashuka, na chumvi inapata nafasi ya kuingia upande usio wake. Mwenye boti anaona maji yamepungua kidogo, anaongeza, anasahau. Asipoongeza kwa muda, maji yanashuka mpaka chini ya sensa ya geji. Sensa sasa haimo majini, imebaki kwenye mvuke na hewa, na sindano inaweza kukaa chini hali silinda hedi inaungua. Geji haikusema uongo. Haikuulizwa habari za ukuta. Inachojua ni joto la kile kinachoigusa sensa yake. Aliyepotoka ni yule aliyechukua jibu la swali moja akalifanya jibu la swali jingine, na ndivyo alivyofanya mwenye meli alipochukua habari za safari zilizopita akazifanya habari za mbao za leo.

Ushahidi unaohusu ukuta wenyewe upo, nao hupatikana kwa mikono. Kuangalia usawa wa maji asubuhi injini ikiwa baridi, na kuandika kila yanapoongezwa. Kufungua vifuniko vya pembeni na kumulika mrija mmoja mmoja. Kuziba matundu, kujaza upepo kwa pampu ya mkono, kukizamisha kipozeo kwenye beseni la maji na kungoja mapovu. Na kuna zinki, kile kipande kinachofungwa ndani ya kipozeo ili maji ya chumvi yakile kabla ya kuila mirija. Zinki ikipungua nusu hubadilishwa. Hilo mafundi wanalijua. Linalosahaulika ni kinyume chake, kwamba zinki ambayo baada ya miezi mingi ya kukaa baharini imetoka nzima vile vile haileti habari njema. Huenda haigusani vizuri na metali inayopaswa kuilinda, huenda imefunikwa na ukoko, na wakati huo wote kinacholiwa ni mirija. Anayeitazama zinki nzima akafurahi ameona jambo la kweli na kulielewa kinyume. Kutazama peke yake hakutoshi basi. Mwenye chombo anatakiwa ajue pia anachokitazama kinamwambia nini.

Hapa ndipo uamuzi wa kununua unapopata uzito wa kimaadili. Ikiwa haki ya kuamini hupatikana kwa kuchunguza, basi anayenunua kipozeo kisichochunguzika amejinyima haki hiyo tangu dukani, hata kama kifaa ni kizuri na cha bei kubwa. Kipozeo cha mirija kina bando la mirija ndani ya ganda, na vifuniko vinavyofungwa kwa bolti. Maji ya bahari hupita ndani ya mirija, hivyo ukivua vifuniko unaweza kupitisha ufito mrija baada ya mrija na kutoa uchafu. Kipozeo cha sahani zilizounganishwa kwa kuyeyushiwa shaba katikati yake ni kidogo, chepesi, na kwa ukubwa wake hupoza vizuri kuliko cha mirija. Lakini hakifunguki. Njia yake moja ikiziba hutajua ni ipi, na ile shaba ya kwenye maungio ikianza kuliwa na maji ya bahari, habari utaipata injini ikishaharibika. Kwa maji ya bahari nakikataa, ingawa sina shaka na utendaji wake: kinafanya kazi vizuri mpaka siku kisipofanya, na hakimpi mwenyewe njia yoyote ya kujua siku hiyo iko mbali au karibu.

Aina ya tatu ni mabomba yanayofungwa nje ya chombo, chini karibu na mkuku, maji ya injini yakazunguka humo na kupozwa na bahari yenyewe, bila maji ya chumvi kuingizwa kwenye injini. Viumbe wa baharini huganda juu ya mabomba hayo na kuyazuia yasitoe joto. Katika bandari ambako maji karibu hayapwi, kama zilivyo nyingi za Mediterania, kuyakagua kunataka mzamiaji au kreni. Katika pwani yetu, ambako wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3 hadi 4, chombo hupwelezwa mchangani, watu wakakikwangua tumbo lake kabla maji hayajarudi. Hapo mabomba ya mkukuni yanaonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono, bila gharama ya kreni. Kifaa kile kile kinachunguzika Pemba na ni taabu kukichunguza Marseille. Kwa hiyo swali la kipi bora halimalizwi na kitabu cha kiwanda. Linataka mtu aseme pia chombo kitalala wapi na nani atakayeshika spana.

Metali nayo inataka mazungumzo yake. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, asilimia 90 kwa 10, umezoeleka kwa kazi hii kwa sababu unavumilia maji ya bahari, na shaba yake huwachukiza viumbe wanaotaka kujishika humo. Adui zake ni maji machafu ya bandarini yaliyolala bila kutembea, na maji yanayopita kwa kasi mno yakakwangua midomo ya mirija. Chuma kisichoshika kutu kina sifa nzuri mpaka kwenye jina, na hiyo ndiyo hatari yake: katika maji ya chumvi yaliyotuama, chini ya tope au gasketi, huchimbwa matundu kimyakimya huku uso uliobaki unang'aa. Titaniamu ndiyo jibu la wenye pesa. Maji ya bahari karibu hayaigusi kabisa. Wapo watakaosema kwamba hapo hoja yangu imekwisha, kwani ya nini kuchunguza kisichooza? Ila titaniamu haina sumu ya shaba, hivyo viumbe hujenga humo bila wasiwasi na kuziba njia. Na ikiunganishwa na metali dhaifu zaidi, huzifanya hizo jirani ziliwe haraka. Uozo umehama, haujakwisha. Mipira ya kuzibia kwenye ncha nayo huchoka kama mipira mingine yote. Mwenye titaniamu anahitaji spana sawa na mwenzake. Kilichoongezeka kwake ni kishawishi cha kudhani kwamba haihitaji.

Watu wa tanga wana pingamizi lao la kwanza: kwenye boti yetu injini ni msaidizi tu, huwashwa kutoka gatini na kurudi gatini, anayetusafirisha ni upepo, kifaa kinachotumika kidogo kinataka uangalizi kidogo. Hoja hii inakosea mara mbili. Injini inayolala huyaacha maji ya chumvi yamelala ndani ya mirija, na maji yaliyolala ndiyo yanayokula metali. Matumizi machache hufupisha maisha ya kipozeo. Na tuangalie injini hiyo huitwa lini. Huitwa katika tangambili upepo ukifa huku mkondo unakusukuma mwambani. Huitwa mtu akianguka majini na tanga haliwezi kukurudisha upesi. Huitwa kwenye mlango mwembamba kati ya miamba, giza linaingia, upepo unakuja mbele. Ni kifaa ambacho saa zake ni chache na karibu zote ni saa ambazo hakuna kingine. Kupima wajibu kwa wingi wa saa ni kutumia kipimo kibaya.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya imani yenyewe, na nataka kulipa heshima yake. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Kama kuzama kumeandikwa, basi usukani, kipozeo na zinki ni kazi bure, na kuhangaika navyo ni dalili ya kutomtegemea aliyeandika. Lakini waliobeba imani hiyo kwa uzito kuliko sisi hawakuielewa hivyo. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida, mmoja wa makamanda wake, alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na maana ya jibu la Umar ilikuwa kwamba wanaitoka kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine. Kinga nayo imo katika kilichoandikwa. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamhusu mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Aliambiwa afanye yote mawili, na kufunga kulitangulia. Msomaji Mkristo anayo sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo, katika tufani, anawaambia waliomo melini kwamba malaika amemhakikishia hakuna atakayepoteza maisha. Baadaye, usiku, mabaharia wanapima kina, wanapata pima 20, kisha 15, na kwa hofu ya miamba wanajaribu kutoroka kwa mashua ndogo. Ni Paulo huyo huyo anayemwonya akida wa Kirumi kwamba hao wasipobaki melini hapatakuwa na wokovu. Mtu aliyekuwa na ahadi kutoka mbinguni ndiye aliyehakikisha wanaojua kazi ya meli hawaondoki.

Msemo wa wahenga basi tuuweke mahali pake. Ukisemwa baada ya chombo kuzama, ni huzuni iliyonyenyekea. Ukisemwa kabla ya kung'oa nanga, umekuwa dai la kujua mambo ya ghaibu. Anayeliacha tundu kwa sababu limeandikwa anajitia kuyasoma maandishi ambayo hakuna aliyeonyeshwa. Yeye ameshakata shauri kwamba chombo hiki ni cha kuzama, au kwamba si cha kuzama, na kwa vyovyote viwili amejivika ujuzi usio wake. Anayevua vifuniko na kumulika mirija ndiye anayekiri kwamba hajui.

Wengine watanishika upande wa pili na kusema: ukimtaka mtu achunguze kila kitu kabla ya kuamini, hataondoka bandarini milele. Jibu bora ninalolijua ni la Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya Ulum al-Din, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakali, anazigawa njia za kujipatia manufaa na kujikinga na madhara katika daraja tatu: zilizo na yakini, zilizo na dhana yenye nguvu, na zile za kuwaziwa tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula asinyooshe mkono, akingoja Mungu amshibishe, hana tawakali. Ghazali anamwona ameharibikiwa akili. Lakini anayehangaika na zile za daraja ya tatu, kinga za kuwaziwa, naye ametoka katika tawakali kwa mlango mwingine. Kwenye boti mgawo huu unafanya kazi vizuri ajabu. Tuchukue injini inayotoa kilowati 15 za joto kwenye maji yake, yenye pampu ya kupitisha lita 20 za maji ya bahari kwa dakika. Itayapandisha maji hayo joto kwa nyuzi 11 hivi. Bahari yetu huwa na nyuzi 25 hadi 30 kwa mwaka, na mashirika yanayoweka daraja za ubora wa meli duniani hutumia nyuzi 32 kama kipimo cha joto la bahari kwa mitambo. Anayeagiza kipozeo cha boti ya Mombasa kwa kipimo cha maji baridi ya Norwei ameacha jambo la yakini. Impela ya pampu na gasketi za akiba ni dhana yenye nguvu, na aliye nazo amefanya vyema. Ama aliyefanya hesabu sawasawa, akaongeza nafasi ya uchafu, kisha kwa woga akanunua kipozeo cha ukubwa mara mbili, huyo amejidhuru: maji yatapita polepole, tope litatuama, na chini ya tope ndiko metali inakoanza kuliwa. Shaka ina mwisho. Inaishia pale hesabu na spana zinapoishia, na baada ya hapo mtu ana ruhusa ya kulala usingizi.

William James, mwanafalsafa wa Marekani, alimjibu Clifford mwaka 1896. Alisema yako mambo ya kweli ambayo hayamfikii mtu asiyethubutu kuamini kwanza. Urafiki ni mojawapo, na imani kwa Mungu, kwa maoni yake, ni mojawapo. Namkubalia hayo. Asiyemwamini mwenzake mpaka apate uthibitisho wote hatapata rafiki wala uthibitisho. Lakini James mwenyewe aliweka mipaka: uamuzi uwe hai moyoni mwa mtu, usioepukika, wenye uzito, na uwe wa namna ambayo ushahidi hauwezi kuukata. Hali ya kipozeo inakatwa na bolti chache na tochi. Ni kweli kwamba baharini, injini imechemsha, mwamba uko mbele na hakuna wakati wa kuchunguza chochote, nahodha lazima aamini na atende, na ujasiri wake pale ni wa kusifiwa. Anayejipatia sifa hiyo hata hivyo ajiulize kwa nini hakuchunguza wakati boti imetia nanga mwezi mzima na spana iko sandukuni. Dharura iliyozaliwa na uvivu haimpi mtu haki za dharura.

Limebaki la umaskini, nalo silichukulii kwa wepesi, kwa sababu vipuri vya boti katika pwani yetu huagizwa mbali na huuzwa ghali. Aya ya mwisho ya Surat al-Baqara inafundisha kwamba mtu hatwishwi zaidi ya uwezo wake, na sijui dhamiri iliyo timamu inayofundisha vingine. Lakini tuuhesabu uwezo kwa ukamilifu. Kipozeo kinachofunguka si lazima kiwe cha bei kubwa. Cha mirija kilichokwisha kutumika, kikapimwa kwenye beseni mbele ya macho ya mnunuzi, ni bora kwa hoja yangu kuliko kipya kilichofungwa kabisa. Beseni, ufito na siki ya kulainishia magamba haviagizwi Ulaya. Na uko uwezo mmoja ambao maskini anao sawa na tajiri, wa kusema kweli kabla ya safari: injini hii siitegemei, tutakwenda karibu na pwani, tutangoja upepo na maji. Abiria akipanda baada ya hapo, amepanda akijua. Mwenye titaniamu asiyejua hali ya titaniamu yake, akamwambia abiria tutafika salama, amechukua imani ya mtu mwingine na kuikopesha kwa kitu ambacho hakukichungulia. Imani ya nahodha juu ya chombo chake haikai kifuani mwake peke yake, kwa kuwa kila anayepanda anaegemea juu yake. Kwa hiyo nalijibu swali nililoanza nalo: mwenye chombo aliyeamini kwa moyo mweupe bila kuchunguza alichoweza kuchunguza ana lawama. Anayo chombo kikizama, na anayo kikifika.

Anayekwenda kununua kipozeo, basi, na aulize dukani: vifuniko hivi vinafunguliwa kwa spana ya namba ngapi, gasketi zake zinapatikana Mombasa au Dar es Salaam au mpaka ziagizwe, zinki imekaa upande gani, na kikishafungwa chini ya sitaha mkono wangu utafika bila kung'oa injini? Muuzaji akikosa jibu asinunue, hata kwa nusu ya bei. Na aliyekwisha kununua avue vifuniko kabla kaskazi haijaanza, aandike tarehe na alichokiona, kisha karatasi hiyo aiweke chomboni mahali ambapo abiria anaweza kuisoma.